Snow White hapa Kisumu: picha imevutwa, vichwa vimekatwa

Nimeitazama Snow White and the Seven Dwarfs, ile katuni ya mwaka 1937, katika ukumbi mmoja wa Kisumu mjini, likizo ya shule iliyopita, na hadi leo hasira haijaniisha. Nilikuwa tayari kuipa filamu nyota mbili, kwa sababu kilichokuwa ukutani kilikuwa kibaya mno. Lakini kilichokuwa ukutani hakikuwa filamu ile.

Kosa ni moja. Filamu hiyo ilichorwa enzi za picha iliyokaribia mraba: upana wake ni mara 1.37 ya kimo. Projekta nyingi za siku hizi, na runinga za majumbani pia, zinatoa picha yenye upana wa mara 1.78 ya kimo. Kwa hiyo ukiionesha jinsi ilivyo, kulia na kushoto lazima pabaki peusi. Chukua shuka la kuoneshea picha, lililotundikwa ukutani, la upana wa mita 4 na kimo cha mita 2.25. Picha halali itachukua kama mita 3.08 katikati, na kila upande zitabaki sentimita 46 hivi za weusi. Weusi huo si hitilafu. Hapo ndipo wachoraji walipokomea.

Mwendesha projekta aliuona weusi akahesabu kwamba shuka lake linapotea bure. Akachukua rimoti, akabonyeza Aspect, kitufe cha kuchagua umbo la picha, akaweka Full, yaani picha ivutwe hadi ijaze skrini. Kila kitu kikanenepa kwa asilimia 30.

Asilimia 30 si kitu kidogo kwenye uso wa mtu. Pua za wale vibete saba zimechorwa duara, na sehemu kubwa ya uchekeshaji wao imo puani; zikawa viazi vitamu vilivyolazwa. Snow White akinyoosha mkono pembeni, mkono unarefuka. Akiuinua juu, unanenepa na kuonekana mfupi. Kinachopita kutoka kushoto kwenda kulia kinakwenda mbio kuliko kilivyopangiwa, ilhali kinachopanda au kushuka kinabaki na kasi yake, hivyo hata dansi inapoteza mizani. Na pale mwishoni, akiwa amelazwa kwenye jeneza la kioo, amekuwa mrefu kuliko alivyokuwa amesimama. Wachoraji wale walimrekodi mchezaji dansi wa kweli, Marge Champion, akitembea na kuzunguka mbele ya kamera, ili wajue sketi hufuataje mwili. Kazi yote hiyo imefutwa na kitufe kimoja cha rimoti!

Msiniambie watoto hawajali. Wanaona vizuri kabisa, ila hawana jina la wanachokiona. Wanachoka, wanaanza kuomba kwenda chooni, kisha mzazi anasema filamu za zamani hazina ladha.

Nilimwendea mwendesha projekta taratibu, kwa adabu. "Kijana wangu, picha imevutwa. Irudishe Normal, umbo lake la asili, au 4:3, lile la runinga za zamani." Hakunitazama. "Mama, skrini imejaa. Wateja wanataka skrini ijae." Nikamwomba tena. Ndipo akageuka: "Watu wote wameketi, ni wewe tu unasumbua." Wenye viti vya nyuma walisikia. Kisha, kama mtu anayemnyamazisha mtoto, akabonyeza tena, na badala ya Normal akaweka Zoom. "Sasa umefurahi?"

Zoom ni balaa jingine. Haivuti picha, inaikuza mpaka upana ujae, halafu kinachozidi juu na chini kinakatwa. Kwa filamu ya 1.37, karibu robo ya kimo inapotea. Nyuso zinarudi kuwa za kawaida, ndiyo, na asiyejua atadhani tatizo limekwisha. Lakini tulikuwa tumefika kwenye ile karamu ya muziki nyumbani kwa vibete, na hapo nataka mnielewe vizuri kilichoharibika. Dopey, mmoja wa vibete, ni mfupi, hawezi kucheza dansi na msichana mrefu. Basi anapanda mabegani mwa kibete mwenzake, Sneezy, wanajifunika koti moja refu, wakawa mtu mmoja wa kimo cha kutosha. Mzaha wote unasimama juu ya kimo. Kichwa cha Dopey kinakaribia ukingo wa juu wa picha, miguu ya Sneezy iko ukingo wa chini, na ni lazima uone vyote viwili kwa pamoja. Sisi tuliona koti. Koti linacheza dansi, bila kichwa na bila miguu. Sneezy alipopiga chafya, Dopey akarushwa juu darini, na huko darini ndiko kulikokatwa. Watoto hawakucheka. Wangechekea nini?

Hapo ndipo niliamua kwamba ukumbi huo hautanipata tena. Labda mwenye ukumbi hajui yanayotendeka akiwa ameketi mlangoni akipokea pesa. Labda. Lakini tiketi ni yake na projekta ni yake.

Kurekebisha hakuhitaji fundi. Kama filamu inatoka kwenye kompyuta kwa VLC, programu ya kuchezea video, bonyeza herufi A mara kadhaa hadi uwiano urudi wa kawaida, au C kama kuna kitu kimekatwa. Kisha nenda kwenye projekta yenyewe, maana mara nyingi kosa liko sehemu mbili: kompyuta inatuma picha sahihi, projekta inaivuta. Weka Normal au Auto. Ukiona juu ni kupana kuliko chini, projekta imelazwa chini na kuinamishwa kwenda juu. Iinue kwenye meza ya kimo kirefu kabla ya kukimbilia Keystone, ile njia ya projekta ya kunyoosha picha iliyopinda, kwa sababu Keystone inapunguza ukali wa picha. Na fungeni mapazia. Sehemu ya Snow White akikimbia msituni huku macho yakimtazama gizani haina maana kama jua la alasiri linapiga ukutani, kwani projekta haiwezi kutoa weusi kuliko weusi wa ukuta wenyewe.

Sasa filamu. Kama hadithi, ina udhaifu, na sitauficha kwa sababu ya hasira yangu na ukumbi. Mwana mfalme anaonekana kisimani, anaimba, anapotea hadi mwisho, anabusu, basi. Kwa ndugu Grimm, Wajerumani walioichapisha hadithi hii kitabuni, malkia anajaribu kumuua mara tatu, kwa ukanda wa kifua, kisha chanuo chenye sumu, kisha tofaa. Filamu imebakiza tofaa peke yake. Nilizoea kuona huo ni upungufu. Sioni hivyo tena. Muda uliookolewa umepewa nyumba ya vibete, kibete Grumpy akiburutwa kwenda kunawa, na hapo ndipo filamu ina uhai wake. Hata ukali umepunguzwa: katika kitabu cha Grimm cha mwaka 1812 mbaya wa hadithi alikuwa mama mzazi, mama wa kambo akaletwa kwenye toleo la 1819, na malkia anauawa kwa kuchezeshwa dansi ndani ya viatu vya chuma cha moto. Kwenye filamu anaanguka jabalini. Bado, pale anapojigeuza kizee, mtoto wa miaka minne atalia, na mzazi akae karibu.

Kwa hiyo nyota mbili nimezifuta. Nilifikiria tatu. Nimeirudia nyumbani kwenye runinga ya kawaida, pembeni pakiwa peusi kama inavyotakiwa, zile mandhari za rangi za maji zikiwa na umbo lake, Dopey akiwa na kichwa chake, na naipa filamu zote tano. Ukumbi haupati hata moja.

Wenye kutaka kupeleka watoto likizo ijayo: katuni ya kizamani kama hii ikitangazwa, chungulia ndani kabla ya kulipa. Ukiona picha imegusa kingo zote mbili za shuka, kulia na kushoto, ama imevutwa ama imekatwa. Waambie waweke Normal. Wakikataa, shika pesa yako.