Kijiji cha Waembera kule Panama kwa meli ya kitalii: uzoefu wangu (na wa mama mkwe)

Naanza na bei maana najua ndo kitu mnachotaka kwanza. Dola 139 kila kichwa, na tulikuwa watatu, mimi, mke wangu na mama mkwe, pigeni hesabu wenyewe. Hiyo ni kwa kununua ile safari mulemule melini. Meli ilitoka Florida, ikaja kufunga gati Colón, Panama, upande wa bahari ya Karibiani, na pale unachagua: ukatazame malango ya Mfereji wa Panama, yale yanayopandisha na kushusha meli, uzunguke mjini, au upelekwe mto Chagres kwa Waembera, wenyeji wa asili wa msituni. Mke wangu alitaka malango. Mama akasema meli yeye kashaiona, yumo ndani yake siku zote hizi, anataka kuona watu. Yakaisha.

Sasa nijieleze kidogo maana inahusika. Mimi mzaliwa wa Ukunda, pwani ya Kenya, na kabla sijaja Marekani kuendesha lori nilicheza ngoma kwenye mahoteli ya Diani miaka minne. Tulikuwa vijana 11, Wadigo karibu wote, Jumatatu tunacheza sengenya yetu, Alhamisi tunavishwa mashuka mekundu turukeruke tuitwe Wamasai, hoteli inatupa shilingi 200 kila mtu na soda. Tukimaliza jinzi zetu mwilini, tunadandia matatu, nyumbani. Kwa hiyo niliposoma kile kikaratasi cha meli kinasema hawa ni watu wanaoishi vilevile kama mababu zao, nilicheka peke yangu pale kaunta. Nilikwenda na shaka zangu, na niseme ukweli, na haya kidogo pia, maana hii ngoma safari hii ndo mie niko upande wa viti.

Malalamiko niyatoe mapema niyamalize. Basi lilichelewa kuondoka dakika 40 kwa sababu watu wawili walirudi melini kufuata kofia, na badala ya masaa matatu kijijini tukapata mawili na ushee, na hakuna aliyerudishiwa hata senti. Tulikuwa karibu watu 60 kwenye mabasi mawili, wengi mno. Na mwongozaji wetu, mtu mchangamfu sina ugomvi naye, lakini njia nzima anasema "watu wa kale, watu wa kale", halafu akatuonya tusimpe mtu hela mkononi. Hilo la hela nitalirudia.

Colón yenyewe tuliipita dirishani tu na roho iliniuma. Ukitazama watu barabarani utadhani uko Likoni, weusi tititi, wengi ni vizazi vya vibarua waliotoka Barbados na Jamaica kuja kuchimba ule mfereji. Pale getini mzee mmoja alimsalimia Mama kwa Kingereza cha kijamaika, Mama akamjibu kwa Kiswahili chake cha Tanga, wakacheka wote wawili, sijui walielewana nini.

Mwendo ni zaidi ya saa moja mpaka ziwa Alajuela. Hilo si ziwa la Mungu, ni bwawa, ukuta wake ulimalizika 1935 ili kuuzuia mto Chagres na kuweka akiba ya maji ya mfereji. Pale ukingoni vijana wa Kiembera wanawasubiri na mitumbwi mirefu, gogo moja limechongwa, nyuma injini, mbele amesimama kijana na pondo. Wallahi pondo kabisa, vilevile kama la kwetu, na anavyolishika ndivyo. Mnavalishwa laifu jaketi, mnakaa kwenye vibao wawili wawili. Tulikwenda Machi, kiangazi chao, maji kidogo, mara mbili injini ikainuliwa na yule wa mbele akawa anasukuma kwa pondo huku anasoma mawe chini ya maji, uso umetulia kama anafikiria mambo mengine. Kwangu hiyo dakika 30 ya mtoni ndo sehemu nzuri kuliko zote na hakuna aliyeiigiza. Msitu pande zote mbili, ndege weupe, na baridi ya maji inakupanda miguuni. Miguu italowa, mjue, vaeni patipati au viatu vya mpira, na simu itieni kwenye mfuko wa plastiki.

Vijiji viko kadhaa huko mtoni, Parará Purú, Emberá Drua, Tusipono, sisi tulipelekwa kimojawapo. Mnapokelewa na wanaume wanapiga ngoma, filimbi na gamba la kobe, kila mtu anawapa mkono. Wanaume wamevaa shanga na kitambaa cha kiunoni, wanawake wanajifunga nguo inaitwa paruma, rangi za kuwaka, maua makubwa. Mama akaishika kwa ruhusa ya mwenyewe, akaipindua, akatazama upindo, akasema "kanga hii, imekosa jina tu." Na kweli ni kitambaa cha kiwandani kinachotoka nje, kama kanga zilivyokuja kwa meli miaka yote na hakuna anayesema kanga si zetu.

Nyumba ziko juu ya nguzo, paa la makuti, chini wazi, hakuna ukuta. Ngazi ni gogo limekatwa vidato. Mama magoti yake si mazuri, akashikwa mikono na wasichana wawili akapanda, kushuka ilikuwa kazi. Mwenye shida ya miguu ajue hilo na habari ya kuingia mtumbwini, hakuna reli ya kushika.

Kisha mzee mmoja akasimama kutoa historia, anasema Kispanyola, mwongozaji anatafsiri, na hapa ndo nilisikiliza kweli. Asili yao ni Darién, ule msitu wa mpakani na Colombia, ambako wenzao wana eneo lao rasmi tangu 1983. Hawa wa Chagres wazee wao walihamia mtoni huku miaka ya nyuma kutafuta nafasi, wakalima, wakawinda. Miaka ya 1980 serikali ikatangaza eneo kuwa hifadhi ya taifa. Kuwinda basi, shamba kubwa la kuuza basi, kukata miti ovyo basi. Wakabaki na nini? Wageni. Na sababu ya hifadhi ni maji, maana msitu ukiisha mto unajaa tope na mfereji unakwama, kila meli inayopita malango inakunywa karibu lita milioni 200 za maji matamu na yote yanaishia baharini. Mwaka 2023 ukame ulivyopiga walipunguza idadi ya meli za kuvuka kwa siku. Yaani huyu mzee haruhusiwi kufyeka ekari zake ili meli zipite, halafu abiria wa meli wanaletwa kumwangalia. Hakulisema hivyo yeye, alilisema taratibu na kwa adabu, mimi ndo nalisema.

Ngoma ikafuata. Wanawake kwenye mstari, hatua fupifupi za kukanyaga, wanazunguka. Niliwatazama nyuso si miguu, maana najua. Yupo mmoja wa nyuma alikuwa anawaza chungu chake jikoni, nilimjua palepale, na yupo msichana kama wa miaka 16 alikuwa anacheza kwa raha zake hata tusingekuwepo. Kwetu ilikuwa hivohivo, kati ya 11 wawili wana ngoma ndani, wengine wana kodi ya nyumba. Mwisho wanakuja kuwavuta wageni. Sisi Diani tulikuwa na hesabu zetu, unamvuta mgeni mnene anayechekacheka, yule ndiye anatoa. Basi yule msichana kapita watu wote kaja moja kwa moja kwangu, mke wangu mpaka leo ananicheka.

Baada ya pale nilikwenda nyuma kutafuta choo (kipo, kisafi, cha kumwaga maji) nikamkuta mpiga filimbi kashatupia kaptula na fulana ya timu ya mpira, yuko na simu. Aliponiona akataka kuinuka arudi kwenye shanga zake. Nikamwonyesha kwa mkono kaa, kaa, nikamwonyesha kwenye simu yangu picha yangu ya zamani, mie na shuka jekundu na rungu. Aliiangalia, akaniangalia, akaita mwenzake aje aone. Mke wangu ana Kispanyola cha hospitalini, akaja kutusaidia, nikauliza ile dola 139 nyinyi mnapata ngapi. Akacheka sana. Akasema kijiji kinalipwa kwa kichwa, chakula na mtumbwi, inaingia mfuko wa wote inagawanywa, ya meli na ya basi hiyo hawaijui. Kitu cha mtu mwenyewe ni anachouza mezani. Ndo maana nasema lile onyo la kutotoa hela, sawa, kugawa noti kwa watoto si vizuri hata kwetu tuliona lilivyoharibu watoto pwani, lakini basi mwambieni mtu ukweli, kwamba nunua. Bebeni dola ndogondogo, za moja na tano, Panama dola inatumika kama kwao na kadi huko hakuna.

Mama ndo alipata faida ya safari nzima. Kwenye meza za vikapu alikaa na mwanamke mmoja wa rika lake na hawakuinuka mpaka tunaitwa. Mama amesuka ukili toka utotoni, mikeka ya nyumba yetu yote ni mikono yake. Akachukua kikapu akakitia jichoni, akaniita, "Baba Aisha, njoo uone, hawa hawasuki, wanashona." Na kweli, ndani kuna uzi mnene wa jani moja unazungushwa kama nyoka, juu yake wanashonea kwa sindano majani membamba ya mchikichi wao unaoitwa chunga, uzi baada ya uzi, umebana mpaka huoni tundu. Rangi ni za mimea, manjano ya mzizi kama binzari, nyeusi wanafukia kwenye tope. Mama kusikia tope akapiga paja, kwa sababu yeye rangi zake siku hizi ni za paketi, dukani. Yule mama akampa sindano ajaribu, akajaribu, mwenzie akafumua bila kusema neno, akamwonyesha tena. Lugha hakuna hata moja. Kikapu cha ukubwa wa bakuli la uji kilikuwa dola 40, mgeni mmoja pembeni akataka kupunguziwa kiwe 20, Mama akamtazama jicho lile la wazee, akaniambia mlipie huyu mama 40 zake, kazi ya wiki kadhaa hii. Wanachonga pia tagua, kokwa ngumu jeupe kama pembe ya ndovu, mke wangu kanunua kobe kadogo.

Chakula ni samaki wa kukaanga na ndizi mbichi zilizopondwa zikakaangwa tena, ndani ya jani lililokunjwa kama koni. Ukila kwa mkono hakuna anayekushangaa. Tilapia. Mama akamgeuza, "perege huyu!" Na ni kweli asili ya hawa samaki ni Afrika, walipelekwa kufugwa, kwa hiyo ndugu yetu alitutangulia kufika. Chumvi ilikuwa kidogo kwa mdomo wangu, ila ndizi nilirudia.

Mwisho wanachora watu kwa jagua, tunda linalokamuliwa maji yake. Ukipakwa ni rangi hafifu hata unadhani umeibiwa, kesho yake asubuhi ni nyeusi ya wino kama piko. Mama alichorwa mkono wa kulia, na akiwa tayari keshachorwa ndo ananiuliza hii haizuii maji ya udhu? Nikamwambia inaingia ngozini kama hina, haifanyi ganda, akatulia. Haitoki kwa sabuni, msijisumbue, ya kwangu ilikaa siku 12, nikaenda nayo kazini wakadhani nimejiunga na kundi la wahuni.

Kama ningerudia? Ningeenda, ila si kwa tiketi ya meli. Mawakala wa kwenyewe Panama wanachukua makundi madogo na bei ilikuwa chini ya ile yetu, tatizo ni moja, ukichelewa meli haikusubiri, ila safari waliyouza wao wenyewe melini wanaisubiri. Kwa hiyo ulizia muda wa kurudi gatini na uache saa nzima ya akiba. Mwenye pasipoti ya kwetu aangalie viza mapema, ya Marekani iwe ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo hutorudi ulikotoka. Kijiji nakipa nyota tano. Kampuni ya meli naipa nyota tatu, na moja kati ya hizo ni ya dereva wa basi.

Lingine, tulivyorudi Florida vitu vya mimea inabidi useme. Kikapu kilipita, kobe wa tagua akapita. Lakini yule mama alikuwa amempa Mama fungu la majani ya chunga, makavu, hayajashonwa, amelifunga kwa uzi mwekundu, na Mama alilificha kwenye mkoba wa dawa ili akaonyeshe wenzake Tanga. Ofisa akalitoa akalitupa kwenye pipa. Dola 139 Mama hajawahi kuziuliza. Lile fungu bado analiongelea.