Seti ya filimbi za kuitia kulungu: vyombo vitatu, kinachofaa Tanga ni nusu ya kimoja

Ndani ya boksi mna bomba la mkoromo, kopo la kupindua na mfuko wa vijiti. Vyote vimetengenezwa kwa ajili ya kulungu wa Marekani mwenye mkia mweupe, na huko kwao vinafanya kazi. Mwenye kibali cha kuwinda upande wa Handeni au Kilindi anayefikiria kuagiza seti nzima asifanye haraka: sehemu yenye manufaa kwenye vichaka vyetu huuzwa peke yake, kwa bei ndogo zaidi, na mzigo wake wa posta ni mwepesi.

Tuanze na bomba, maana ndilo lililoundwa kwa akili kuliko mengine. Lina kidomo cha kupulizia, kibao kidogo cha plastiki kilichopinda kidogo, ulimi mwembamba wa plastiki uliolazwa juu ya kibao, na bomba la mpira lenye mikunjo linalovutika na kukunjwa. Ulimi umebanwa kwa oringi, yaani kipete cha mpira. Anayeijua zumari ataelewa mara moja: pumzi inautetemesha ulimi, na urefu wa sehemu iliyo huru ndio unaopanga sauti. Oringi ikisogezwa kuelekea ncha, sehemu huru inafupika na sauti inapanda hadi kuwa ya ndama. Ikirudishwa nyuma, sauti inashuka, kwanza jike, kisha dume. Bomba likivutwa mkoromo unakuwa mzito. Likikunjwa unakuwa mkavu.

Wanaoanza hupuliza kwa mashavu, ndiyo maana sauti hutoka kama mlio wa kuchekesha. Pumzi itoke tumboni, fupi, huku koo likikatisha hewa. Mkoromo mmoja hauzidi sekunde moja. Toa mmoja hadi mitatu, halafu nyamaza kwa dakika 15 hadi 20. Mnyama akikuangalia, usipulize; anasikia sauti inatoka kwenye kichaka ambacho haoni mwenzake, na hapo ameshajua. Akiwa anakuja, usipulize pia. Filimbi ni ya kumgeuza aliyekuwa anaenda zake, kisha ni kukaa kimya.

Kwao, bomba hili lina msimu wake. Sehemu kubwa ya kaskazini ya Marekani kulungu hupandana Novemba. Mimba huchukua takribani siku 200, na ndama huzaliwa Mei na Juni, baridi ikiwa imekwisha. Katika wiki hizo za Novemba dume humfuata jike akikoroma, na dume mwingine akisikia mkoromo huo hudhani kuna jike analoweza kunyang'anya. Huo ndio msingi wote wa biashara hii. Ondoa msimu, na bomba linabaki plastiki.

Sasa ulete huku. Pongo si wa ukoo wa kulungu wa Marekani. Ni wa ukoo mmoja na tandala na ng'ombe. Huishi peke yake, na kwetu karibu na ikweta huzaa mwaka mzima, kwa hiyo hakuna mwezi ambao madume yote yamepandwa na wazimu. Sauti yake inayosikika mbali ni ule mbweko mkavu unaofanana na wa mbwa, nao ni wa kutahadharisha. Anayejaribu kuubana ulimi wa bomba hadi ubweke anawatangazia wanyama wote wa kichaka kwamba kuna hatari. Tohe naye hupiga mbinja kwa pua, na maana yake ni ileile. Bomba la mkoromo halina neno la kumwambia yeyote kati ya hao wawili.

Mfuko wa vijiti hauna mengi. Unausugua kati ya viganja, vijiti vinagongana, sauti inaiga pembe za madume yanayopigana. Utafiti uliofanywa kusini mwa Texas ulionyesha kuwa kugonganisha kwa kelele kubwa kulivuta madume mengi kuliko kelele ndogo, na wengi walikuja wakitokea chini ya upepo, yaani upande ule upepo unakoelekea. Kwenye vichaka vya Handeni, vijiti vinavyogongana ni mtu anakata kuni. Mfuko huu ni mzuri kwa watoto kuchezea.

Kopo ndilo linalouzika kwa urahisi, kwa sababu halihitaji ufundi. Ndani mna uzito unaoteleza. Ukilipindua huku umeziba tundu kwa kidole gumba, uzito unashuka, unasukuma hewa kupita kwenye ulimi, na mlio wa jike unatoka. Tundu likiwa wazi, hewa inatoroka na mlio unakosa nguvu. Lakini urahisi huo una gharama. Sauti ni moja tu, ya jike mzima wa kulungu wa Marekani, na huwezi kuipandisha. Suni ni paa mdogo wa kilo 4 hadi 5. Mlio wake ni mwembamba na wa puani. Funo, paa mwingine, ni mkubwa zaidi, ila naye hawezi kudanganywa na sauti nzito ya kopo. Tena hewa ya pwani hailipendi kopo. Unyevu ukiingia uzito unang'ang'ania ukutani, na mlio unakatika katikati au unatoka kwa vipande. Kopo nyingi haziwezi kufunguliwa bila kuharibika, kwa hiyo likishika unyevu unalikausha kivulini na kuomba Mungu.

Kinachobaki ni kile kidomo cha bomba, bila bomba lenyewe. Chomoa mpira wenye mikunjo, sogeza oringi karibu na ncha, na una filimbi ya ulimi mfupi inayotoa kilio cha ndama aliyekamatwa. Watengenezaji huiuza pia peke yake, ulimi ukiwa wazi bila oringi. Hapo midomo yako ndiyo inayofanya kazi ya oringi. Ukibana karibu na ncha, kilio kinapanda. Ukirudisha midomo nyuma, kinashuka. Hiyo ya ulimi wazi ndiyo ya kununua.

Wawindaji wengi wa misituni barani Afrika hawanunui kitu. Wanabana pua kwa vidole viwili, wanakandamiza ulimi kwenye kaakaa, na kusukuma "nyeee" inayoanzia juu na kushuka. Suni na funo huitikia hilo, na hakuna filimbi ya dukani inayolishinda kwa ukweli wa sauti. Hata hivyo pua inachukua mkono mmoja. Filimbi ya ulimi wazi hubanwa kwa midomo na meno, mikono yote miwili ikabaki kwenye bunduki ya marisawa, na mnyama hatokuona ukishusha mkono kutoka usoni wakati keshafika hatua 20. Kwa hilo tu, pesa yake ni halali.

Namna ya kuitumia. Kaa ukingoni mwa kichaka kizito, penye uwazi wa hatua 15 hadi 25 mbele yako, na mgongo uegemee shina nene. Subiri dakika 10 ndege warudie sauti zao. Toa vilio 3 hadi 5, kila kimoja kikianza kwa nguvu na kufifia, kisha pumzika dakika 2 au 3. Rudia. Aliye karibu huja upesi, mara nyingi akikimbia na kusimama ghafla. Ikipita robo saa bila kitu, ondoka, sogea mita 300 au zaidi, anza upya. Kurudia mahali palepale siku zinazofuatana kunawafundisha wanyama, na filimbi itapoteza kazi yake hapo.

Upepo ndio unaowashinda wengi wa pwani. Alfajiri hewa hutoka bara kwenda baharini; jua likipanda, upepo wa bahari unaingia na kugeuza kila kitu. Aliyepanga kiti chake kwa upepo wa saa kumi na mbili asubuhi, ifikapo saa nne harufu yake inaelekea kule anakotegemea mnyama atokee. Mnyama anayeitikia kilio hupenda kuzunguka aje chini ya upepo anuse kwanza, kwa hiyo uwazi wako wa kupigia uwe upande huo.

Kilio cha ndama humleta mama kwanza. Angalia vizuri kabla ya kuinua mtutu, na ukimwona ana kiwele kilichojaa, mwache aende. Pia hakiwaiti paa peke yao. Chui husikia chakula, na tai mkubwa wa msituni anayekula kima na paa naye hushuka kuangalia. Ndiyo sababu ya lile shina nene nyuma yako: hutaki kitu kije kwa mgongo huku unapiga kelele za mnyama anayekufa.

Kuhusu ruhusa: kibali hutaja mnyama na idadi, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataja pia njia zilizokatazwa. Mwoneshe afisa wanyamapori wa wilaya chombo chako kabla ya kuingia porini, si baada ya kukamatwa nacho. Ndani ya hifadhi za Saadani na Amani hakuna kuwinda, na kupiga filimbi hizi humo kwa ajili ya picha ni kuwasumbua wanyama bure. Spika za kupigia sauti zilizorekodiwa, ambazo wauzaji hujaribu kukuongezea kwenye oda, zikataeni; hata majimbo mengi ya Marekani yanazikataza kwa kulungu.

Utunzaji hapa Tanga ni kazi zaidi kuliko inavyoandikwa kwenye karatasi ya maelekezo. Mate na chumvi ya hewa huugandisha ulimi kwenye kibao, na filimbi inatoa pumzi tupu. Pitisha kipande cha karatasi nyembamba na kavu kati ya ulimi na kibao, uvute polepole kutoka nyuma kuja mbele. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Maji ya moto yanaukunja ulimi, na ukishakunjika haunyooki. Usiiache kwenye dashibodi ya gari juani kwa sababu hiyohiyo. Filimbi za mbao huvimba masika na kidomo kikakwama, basi chagua ya plastiki hata kama ya mbao inapendeza zaidi mkononi. Kabla ya kulipa, uliza kama ulimi wa akiba unauzwa peke yake: ule ndio unaochakaa, na filimbi isiyobadilishwa ulimi unaitupa nzima.