Ukaguzi wa moto kwenye loji yangu Uyole: nyota nne, ya tano imeliwa na vitumbua

Nina loji ya ghorofa moja hapa Uyole, Mbeya, vyumba 14. Mwezi Juni nilimwita fundi wa ukaguzi wa moto, na nisiwadanganye, nilichotaka ni makaratasi yakae sawa kabla Zimamoto hawajapita. Jina la ofisi yake siliandiki, maana nina lawama huko mbele na sitaki kesi.

Alifika saa tatu asubuhi, kijana wa rika la mwanangu wa pili, kalamu sikioni. Baada ya shikamoo akasema jambo ambalo mwingine angelimeza: "Mama, cheti cha usalama wa moto sitoi mimi. Wanatoa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa sheria ya mwaka 2007. Mimi nakuonyesha mapungufu uyarekebishe kabla hawajaja." Hapo hapo nikampenda.

Tukaanzia mapokezi. Mtungi wangu wa kuzimia moto, ule wa poda, niliununua 2016, mshale bado uko kwenye kijani, nikajua mzima. Akaupindua juu chini, akanisogezea sikioni. Kimya. Kumbe poda nzuri unaisikia ikiporomoka kama unga kwenye debe. Yangu ilikuwa imegandamana chini kama ugali wa jana. Mshale unapima presha, akasema, hauwezi kujua poda imelala. Kisha akaiona pini. Nilikuwa nimeifunga kwa waya wa kufungia nondo, watoto wa wageni wasiichezee. Hakunisema, aliniambia tu, "Vuta, mama." Nikahangaika hadi kucha ikakatika. Mtungi wa kilo 6 ukifunguliwa unaisha ndani ya sekunde 15 au 20 hivi, na mimi hata waya nilikuwa sijaumaliza.

Jikoni aliniaibisha mbele ya dada wa chipsi. Mtungi wa gesi nilikuwa nimeuficha kwenye kabati la chini, usafi tu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inashuka na kutuama sakafuni, kwa hiyo dirisha langu la juu halikuwa na msaada wowote. Sasa mtungi uko nje, kwenye kibanda chenye matundu chini. Dada alipoulizwa kikaango kikishika moto atafanya nini, akajibu haraka: maji. Akaelezwa kwamba maji yakigusa mafuta yanayowaka yanageuka mvuke papo hapo na kurusha mafuta yenye moto mpaka darini. Zima jiko, funika kwa mfuniko, usikibebe kwenda nacho nje. Na lile jiko la mkaa ambalo wageni huomba waingize chumbani baridi ikikaza, alilipiga marufuku kabisa, kwa moto na kwa ile hewa ya mkaa isiyo na harufu inayoua mtu usingizini. Nimenunua mablanketi ya pili. Yamenitoka, lakini Juni ya Uyole mnaijua.

Lawama yangu sasa. Kengele za moshi alizofunga ukumbini hazina neno, ila moja akaiweka mlangoni mwa jiko. Siku ya pili, saa kumi na mbili asubuhi, vitumbua vikaingia kwenye mafuta, ikalia, wageni wakamiminika nje na khanga na taulo. Mmoja alikuwa na sabuni masikioni. Nilipompigia fundi, akakiri mwenyewe kwamba jikoni kinafungwa kifaa cha kuhisi joto, siyo moshi. Alikuja kubadilisha, halafu akanidai nauli. Kosa lako, nauli yangu? Tumelipana shilingi 150,000 za ukaguzi, vifaa mbali, nauli nimekataa. Ripoti nayo ilichelewa siku tisa, ingawa ilipokuja ilikuwa ya maana: hatari iko wapi, nani yuko hatarini, kirekebishwe nini, na nani atakifanya lini.

Kilichonifanya nimpe nyota nne ni la usiku. Alirudi saa mbili, akazima umeme wote, akaniambia nitoke chumba namba 12 hadi nje kwa mlango wa nyuma. Nyumba nimeijenga mwenyewe, lakini nilipapasa ukuta kama mgeni. Madirisha yana nondo, hakuna pa kurukia. Nikafika mlangoni: kufuli. Ufunguo uko mfukoni kwa mlinzi, na mlinzi amekwenda kunywa chai ya tangawizi barabarani. Dakika nne na nusu mpaka alipokuja mbio. Sisi tuliokuwepo Mbeya Soko la Sido lilipoteketea mwaka 2017 tunajua dakika nne za moto ni nini. Nilikaa kwenye ngazi nikawaza wale waliolala humo miaka yote.

Kesho yake nikafunga komeo la kuzungusha kwa ndani, halihitaji ufunguo. Kijana yule ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, nauli asahau. Mlinzi bado amenuna, anasema nimemvua cheo.