Malewa ya sambaza Bukavu: mbele ya kuenda, angalia mwezi kwanza

Mimi niko mutu wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, tangu utoto, kwa hiyo nikisema hii malewa (mgahawa mdogo) ya pembeni ya ziwa (jina nabaki nalo) inajua kupika, muniamini. Wanazikaanga kavu mpaka kichwa kinavunjika kwa meno kama biskuti, kitunguu na pilipili juu, ndimu pembeni, bugali ya muhogo inakuja ya moto mpaka vidole vinalia. Siku ya kwanza nilimaliza sahani mbili.

Shida ni mara ya pili. Nilifika mwezi uko mzima angani, ziwa jeupe kabisa, nikauliza kama sambaza ni za leo, kijana akajibu "za leo, papa". Kuonja hivi: laini, matumbo yamepasuka, zinanuka frigo (friji). Na bei ileile! Sasa mtoto wa Bukavu utamdanganya namna gani na mwezi kama ule? Wavuvi wanafunga mitumbwi mitatu pamoja na miti mirefu, wanawasha taa, vidudu vidogo vya majini vinakuja kwa mwangaza, sambaza nazo zinakuja, njo wavu unainuliwa. Mwezi ukiwaka taa haivuti kitu, wengi wanalala nyumbani.

Nikamuita mama mwenye malewa. Akacheka: "Papa, uko mwalimu ya samaki?" Basi nikamuelezea, bugali ikipoa. Kivu ina zaidi ya mita 480 kwenda chini lakini samaki wanaishi zile 60 za juu tu, huko chini ni gesi, hakuna hewa. Na sambaza si mwenyeji, alitolewa ziwa Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950 kwa sababu katikati ya Kivu hakukuwa samaki wa kula vile vidudu. Alikula kweli, kidudu kimoja kikubwa hakionekani tena tangu hapo, na njaa ikizidi anameza hata watoto wa sambaza wenzake. Leo mji mzima unamkula yeye. (Shemeji yangu alikuwa amekwisha sahani yake zamani, yeye frigo haimusumbue.)

Huduma: polepole, viti vinacheza, choo usiulize. Mapishi: nyota nne. Ukweli wa kijana: moja.

Mama alinirudishia franka elfu mbili, akasema nipite tena wiki ijayo, mwezi utakuwa unachelewa kutoka.