Kasha la kompyuta ya sinema ya nyumbani: uzoefu wangu na makasha mawili

Imepita miaka minne tangu kompyuta moja ichukue nafasi ya vifaa vyote vilivyokuwa vimerundikana chini ya televisheni yetu. Filamu, muziki, picha za familia na vipindi vya mtandaoni vyote hupitia humo. Katika muda huo sijabadilisha ubao mama (ubao unaounganisha sehemu zote), prosesa wala kumbukumbu. Nilichobadilisha ni kasha, pamoja na kipoza joto, feni na kifaa cha kugawa umeme (pawa saplai) vilivyolingana nalo. Badiliko hilo lilitosha kuifanya kompyuta ambayo mke wangu aliwahi kuomba izimwe katikati ya filamu iwe chombo ambacho wageni hukaa nacho chumba kimoja jioni nzima bila kutambua kwamba kinafanya kazi. Kwa hiyo tathmini hii inahusu makasha mawili: dogo nililolitumia kwa miezi minane, na kubwa zaidi ninalolitumia hadi leo.

Kasha la kwanza nililichagua kwa macho. Lilikuwa na kimo cha milimita 95, upana wa milimita 220 na kina cha milimita 330, uso wake ulikuwa wa alumini iliyosuguliwa vizuri, na nilipolitazama niliona ndiyo sura hasa ya kitu kinachofaa kukaa sebuleni. Lilipokea ubao wa Mini-ITX, ule wa mraba wa milimita 170 kwa 170 ambao kampuni ya VIA iliuleta mwaka 2001, na kwa kuwa ubao wangu ulikuwa wa kipimo hicho sikuona sababu ya kuuliza zaidi. Sikujiuliza juu ya prosesa kulikuwa kumebaki nafasi kiasi gani. Zilikuwa zimebaki milimita 45.

Milimita hizo ndizo zilizoamua kila kitu kilichofuata. Kipoza joto kilichoingia humo kilikuwa na kimo cha milimita 37 pamoja na feni yake, nacho ni kifaa kilichotengenezwa kwa ustadi mkubwa, lakini kipande cha chuma chembamba kiasi hicho hakiwezi kubeba joto la prosesa ya wati 65 kwa muda mrefu bila feni yake kuzunguka kwa kasi. Ubavuni palikuwa na tundu moja la feni ya milimita 80. Feni ndogo ikitakiwa kusukuma hewa sawa na ile inayosukumwa na feni kubwa, haina budi kuzunguka mara nyingi zaidi, na sauti ya feni haipandi kwa uwiano ulio sawa na kasi: kwa kanuni zinazotumika kukadiria mwenendo wa feni, kupunguza mizunguko kwa nusu hupunguza sauti kwa takriban desibeli 15, ilhali hewa inayopita hupungua kwa nusu tu. Hesabu hiyo ina maana moja kwa mnunuzi. Nafasi ya kuweka feni pana inayozunguka polepole ina thamani kubwa kuliko maelezo yoyote ya mtengenezaji kwamba kasha lake ni kimya.

Niliyoyasikia sebuleni yalithibitisha hesabu. Filamu nyingi zilipita bila shida, kwa sababu sehemu ya michoro ya prosesa yangu hufungua video zilizobanwa kwa mfumo wa HEVC kwa maunzi yenyewe na prosesa hubaki karibu imelala. Lakini video za AV1, mfumo mwingine wa kubana video, haizifungui kwa njia hiyo, hivyo prosesa hulazimika kufanya kazi yote, na baada ya dakika kumi feni ilianza kuimba. Kilichochosha zaidi, kuliko hata ukubwa wa sauti, kilikuwa kupanda na kushuka kwake. Sikio huzoea mvumo usiobadilika na kuusahau, lakini feni inayoongeza mwendo, ikatulia, kisha ikaongeza tena, hukuvuta kutoka kwenye mazungumzo ya filamu kila mara, na hasa katika yale matukio ya utulivu ambayo mwongozaji aliyaacha bila muziki kwa makusudi. Nilijaribu kurekebisha mwendo wa feni kupitia BIOS, yaani programu ya msingi iliyo kwenye ubao mama, nikaongeza sekunde za kusubiri kabla haijabadilisha kasi, na hali ikawa nafuu kidogo. Joto nalo likapanda hadi prosesa ikaanza kujipunguzia kasi yenyewe na picha ikaanza kukwama.

Sehemu ya kosa ilikuwa ya kabati letu. Lina mgongo wa mbao, na hewa ya moto iliyotoka ubavuni mwa kasha ilizunguka ndani ya kabati na kunyonywa tena. Nilipoitoa kompyuta na kuiweka juu ya meza joto lilishuka kwa nyuzi 11, bila kubadilisha kitu kingine chochote. Tangu siku hiyo naamini kwamba hakuna anayeweza kukushauri kuhusu kasha la namna hii kabla hajajua litakaa wapi, limezungukwa na nini, na hewa itaingia na kutokea upande gani.

Safari ya pili nilianza na utepe wa kupimia. Rafu yetu ina upana wa milimita 900, kimo cha milimita 210 na kina cha milimita 420. Kipimo cha mwisho ndicho kinachodanganya watu, kwa kuwa kina kinachoandikwa na watengenezaji ni cha kasha peke yake, na nyuma ya kasha kuna plagi ya umeme, kebo ya HDMI ambayo ikiwa nene haikubali kupindwa ghafla, na labda kebo ya mtandao. Nilizichomeka na kuzipima: zilihitaji milimita 55. Kwa hiyo kasha lolote lenye kina cha zaidi ya milimita 365 lilikuwa limeshajitoa. Juu yake niliamua kuacha angalau milimita 40 za hewa, na hivyo kimo kisizidi milimita 170. Kuhusu upana sikuwa na shida. Makasha mengi yanayolazwa badala ya kusimamishwa hutengenezwa kwa upana wa karibu milimita 430 hadi 440 ili yalingane na amplifaya na vifaa vingine vya muziki, na hilo kwangu ni jambo jema kwa sababu yakipangwa pamoja macho huona safu moja iliyotulia.

Nilifikiria sana makasha yasiyo na feni kabisa, kama yanayotengenezwa na Streacom, ambayo hulichukua joto kutoka kwa prosesa kwa mirija ya shaba na kulipeleka kwenye kuta za alumini zenye mapezi. Ni kazi nzuri inayostahili heshima, na kwa mtu mwenye rafu iliyo wazi na prosesa isiyotumia umeme mwingi ningempendekezea bila kusita. Lakini kasha la namna hiyo hutegemea hewa ya chumba ipite yenyewe juu ya kuta zake, na ndani ya kabati lililofungwa nyuma hewa hiyo haipiti. Ningekuwa nimenunua kimya kwa kulipia joto, na video zile za AV1 zingenirudisha pale pale.

Nililolichagua hatimaye lina kimo cha milimita 165, upana wa milimita 440 na kina cha milimita 360. Ni la chuma, na uso wake ni wa plastiki nyeusi isiyong'aa. Ubao wangu mdogo unaonekana mpweke ndani yake, maana kasha hupokea hata ubao kamili wa ATX, kipimo cha kawaida cha kompyuta za mezani, na matundu ya skurubu ya Mini-ITX hulingana na baadhi ya yale ya ATX, kwa hiyo hakuna kilichohitaji kutobolewa. Juu ya prosesa kuna nafasi ya milimita 130, na humo niliweka kipoza joto chenye mirija minne na feni ya milimita 120. Ubavuni, upande ule ule wa prosesa, nikafunga feni mbili za milimita 120 zinazoingiza hewa, zote za pini nne, yaani ambazo ubao mama unaweza kuzirekebisha kasi. Ziko mbili kwa makusudi: vyanzo viwili vya sauti vinavyolingana huongeza desibeli 3 tu juu ya kimoja, lakini zikigawana kazi kila feni inaweza kushushwa kasi, na faida ya kuishusha huizidi mbali nyongeza hiyo. Sasa zinazunguka kati ya mara 500 na 600 kwa dakika, nami niliwaagiza wanangu waniambie iwapo wanazisikia wakiwa kwenye kochi. Hawazisikii.

Pawa saplai ilihitaji kufikiriwa kwa namna yake. Kasha la kwanza lilidai ile ya SFX, kipimo kidogo chenye upana wa milimita 125 na kimo cha milimita 63.5, ambayo feni yake mara nyingi ni ndogo. Hili la pili hupokea ya ATX ya kawaida, yenye upana wa milimita 150 na kimo cha milimita 86, na nikachukua aina ambayo feni yake husimama kabisa mzigo ukiwa mdogo. Angalia tu kama imewekwa ikivuta hewa kupitia tundu lililo chini ya kasha, kwa sababu katika hali hiyo miguu mifupi mno huiziba. Miguu ya langu ina kimo cha milimita 15 na imewekewa mpira, na hiyo imetosha.

Diski ya kuzunguka sikuiweka. Kasha lina nafasi ya diski tatu za inchi 3.5 zenye vikalio vya mpira, lakini hata vikalio vizuri havizuii kabisa mtetemo wake kufika kwenye mbao za kabati, nazo mbao hugeuka kuwa kama mwili wa ngoma. Ndani iko SSD peke yake, yaani hifadhi isiyo na sehemu inayozunguka. Mkusanyiko wa filamu uko kwenye diski zilizo chumba kingine, nasi huzifikia kupitia kebo ya mtandao.

Kuna jambo moja ambalo sikulitarajia na ambalo lilinichukua wiki mbili kulielewa. Kibodi yetu isiyo na waya ilikuwa ikipoteza herufi, na rimoti inayotumia mawimbi ya redio ilikuwa ikichelewa. Nilidhani betri zimechoka. Kumbe kipokezi kidogo cha vifaa hivyo nilikuwa nimekichomeka nyuma ya kasha, kando ya tundu la USB 3.0 lililokuwa na diski ya nje, na vifaa vya USB 3.0 hutoa mawimbi yanayoingilia masafa ya gigahezi 2.4, jambo ambalo Intel waliliandika wazi mwaka 2012. Isitoshe, chuma cha kasha chenyewe kilikuwa kimesimama kati ya kipokezi na kochi. Nilikihamishia kwenye tundu la mbele na tatizo likaisha papo hapo. Kwa sababu hiyo matundu ya USB ya mbele siyahesabu tena kuwa pambo, na antena za Wi-Fi na Bluetooth nimezivuta nje kwa waya hadi kando ya televisheni. Mwenye kutumia rimoti ya mwanga usioonekana naye anahitaji dirisha la plastiki usoni mwa kasha, kwa kuwa alumini haipitishi mwanga huo hata kidogo.

Taa ya kuwashia nilikuta ni ya buluu na kali kiasi cha kuonekana kwenye dari wakati sebule ina giza. Nilichomoa waya wake kwenye ubao mama. Kazi ya dakika moja.

Kasoro za kasha hili zipo, na ningependa anayelifikiria azijue. Ni zito, na mfuniko wake umefungwa kwa skurubu sita ambazo lazima zifunguliwe zote kila unapotaka kugusa kitu ndani. Plastiki ya uso hushika alama za vidole. Machujio ya vumbi ya ubavuni hutoka kwa kuvutwa bila bisibisi, jambo ninalolishukuru kila baada ya miezi miwili ninapoyaosha, lakini chujio la chini ya pawa saplai huvutwa kwa nyuma, hivyo siwezi kulitoa bila kuchomoa kebo zote na kulitelezesha kasha zima nje ya rafu. Kuhusu kabati, nimekata mgongo wake tundu la sentimita 30 kwa 12 kwa msumeno mdogo, sambamba na sehemu ambayo hewa ya moto hutokea, na katika filamu ya saa tatu ya AV1 niliyoitumia kama jaribio juma lililopita prosesa haikuvuka nyuzi 64.