Picha ya pasipoti ya mtoto wa wiki tano: studio ya pauni 12 au simu ya babake?

Wenye haraka nawapa jibu mapema: kwa mtoto mchanga, msitoe hela. Shuka nyeupe, dirisha, simu, na mtu wa pili mwenye subira. Kwangu mimi mtu mzima pia simu ndiyo iliyofaa, ila picha yangu ilinisumbua kuliko ya mtoto, na makosa yote yalikuwa yangu mwenyewe.

Novemba 2025 tulikuwa na maombi mawili ya pasipoti ya Uingereza kwa mpigo. La kwangu lilikuwa la kubadilisha kitabu kilichokaribia kuisha muda, kile cha zamani cha rangi ya damu ya mzee. La pili lilikuwa la kijana wangu, pasipoti yake ya kwanza kabisa, naye ana wiki tano duniani. Tunaishi Leicester, na nia ilikuwa tumpeleke Mombasa akaonwe na jamaa kabla ya Ramadhani. Maombi yote mawili tuliyafanya kwa mtandao: pauni 94.50 yangu, 61.50 yake. Fomu ya karatasi ni ghali zaidi, na sioni sababu ya kuihangaikia kama una simu.

Huko mtandaoni unapewa njia mbili za picha. Ya kwanza, upige mwenyewe uipakie. Ya pili, uende kwenye duka au kibanda cha picha, upewe namba iliyochapwa kwenye karatasi, uiandike kwenye maombi na picha ivutwe yenyewe. Nikasema hii ya pili ndiyo ya watu wazima, tena mtoto ni mchanga, acha tuwaachie wenye kazi yao.

Duka lenyewe silitaji jina. Pauni 12. Fundi alimweka mtoto kwenye kiti chake cha gari, akatandika taulo jeupe juu ya kiti, akashusha taa ya kamera karibu mno na uso. Mtoto akalia, akanyamaza, akalia tena. Picha ya tano akasema imetosha. Kisha akageukia kompyuta yake na hapo ndipo nilipoanza kukaa vibaya. Kulikuwa na kivuli nyuma ya kichwa, akakifuta. Akafuta pia ncha ya sikio la kushoto pamoja na hicho kivuli. Uso ulionekana mweusi kwake, akauongezea mwanga, akauongezea tena. Mamangu, aliyekuja kutoka Mombasa kunilea uzazi, alikuwa amesimama nyuma yangu. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida tu, kwa kuwa hapo hakuna aliyemwelewa: "Huyo sasa ni mtoto wa nani?"

Nilipofika nyumbani nikasoma masharti kwa utulivu, jambo nililopaswa kulifanya kabla ya kutoa pauni 12. Yanasema wazi picha isiwe imebadilishwa kwa programu ya kompyuta. Kwa hiyo ile namba sikuitumia. Karatasi yake ninayo bado, nimeifanya alama ya kitabu.

Kesho yake tukapiga wenyewe. Masharti ya mtoto ni mepesi kuliko watu wanavyodhani, na laiti ningeyajua mapema nisingepoteza asubuhi nzima nikimpigia makofi afungue macho. Aliye chini ya mwaka mmoja halazimiki kufungua macho. Aliye chini ya miaka sita halazimiki kutazama kamera wala kutulia uso. Anachotakiwa ni kuwa peke yake kwenye picha, bila mwanasesere na bila chuchu ya plastiki mdomoni. Alazwe juu ya shuka isiyo na maua, ya rangi nyepesi, apigwe kutoka juu. Unaweza kumshika kichwa, ila mkono wako usionekane.

Shuka ilikuwa mtihani wa kwanza, maana nyumba hii ina leso za kila jina na kila jina lina maua yake. Nilijaribu kugeuza leso upande wa ndani, lakini maua ya leso hupita pande zote mbili, si mnajua. Mwishowe tukachukua shuka ya kitanda cha wageni, nikaipiga pasi, kwa sababu mikunjo ya shuka hutoa vivuli vidogo kama mistari.

Mtihani wa pili ulikuwa bibi. Alikuwa ameshamwogesha mjukuu, akampaka mafuta ya nazi mpaka anameremeta, na kumtia wanja: nyusi mbili nene kama za mzee wa baraza, na nukta kubwa katikati ya paji la uso ya kukinga jicho. Masharti hayasemi neno juu ya wanja, lakini sikutaka pasipoti ya miaka mitano yenye nyusi ambazo mtoto hana. Na yale mafuta yalikuwa yanarudisha mwanga kama kioo. Tulibishana kidogo. "Atazamwe na watu wote hao, uso mtupu?" Nikamwambia mama, watu wenyewe ni wa ofisini. Hilo halikumtuliza, bali lilimwongezea hofu. Tukaafikiana: nikafuta uso kwa pamba na maji ya vuguvugu, mara tatu, wanja wa kwetu hautoki kwa kubembelezwa, naye akamwekea nukta mpya nyuma ya sikio, kamera isipofika.

Sasa mwanga. Hapa ndipo penye kazi yote, mengine ni mapambo. Mara ya kwanza tulimlaza sebuleni chini ya taa ya dari. Mume wangu akasimama juu yake na simu, na kivuli chake kikamfunika mtoto mzima. Mara ya pili tukahamisha godoro dogo la mtoto hadi chini ya dirisha, tukazima taa, na mume wangu akasimama upande usio wa dirisha. Ilikuwa saa tano asubuhi, mbingu ya mawingu. Mawingu ya Leicester sijawahi kuyasifu, lakini siku ile yalifanya kazi, maana mwanga wake hauna makali, unamwagika sawasawa pande zote za uso. Msingojee jioni. Novemba huku ikifika saa kumi kiza kinaanza kuingia, na picha ya taa ya umeme inatoka ya njano.

Kichwa cha mtoto wa wiki tano hakikai katikati. Kinalala upande mmoja, kila ukikinyoosha kinarudi. Mama akapiga magoti, akapitisha mkono chini ya shuka, akakishika kisogo kwa ncha za vidole vitatu kupitia kitambaa, akakigeuza pole pole kama mtu anayegeuza mkate wa kumimina asije akauvunja. Kwenye picha mbili za kwanza pete yake ilichomoza chini ya shuka kama kokoto. Akaivua. Picha iliyofuata ndiyo iliyo kwenye pasipoti: macho wazi, mdomo umekunjwa kidogo, kama aliyeambiwa bei asiyoikubali.

Kosa letu pekee hapo lilikuwa la WhatsApp. Mume wangu aliikata picha ibaki uso tu, "kama passport size", akanitumia kwa WhatsApp, nayo ikaipunguza. Ilikuwa imebaki na upana usiofika pikseli 450, wakati kinachotakiwa ni angalau 600 kwa upana na 750 kwa urefu, na faili isiwe chini ya KB 50 wala kuzidi MB 10. Msiikate. Masharti yenyewe yanataka kichwa, mabega na sehemu ya juu ya mwili, ukataji wanafanya wao. Na ukitaka kuihamisha kutoka simu moja kwenda nyingine, itume kama faili, au maliza maombi kwenye simu iliyopiga.

Yangu sasa. Hijabu inaruhusiwa kwa sababu ya dini, ilimradi uso wote uonekane. Nikataka kupendeza. Miaka kumi si mchezo, kitabu kitakuwa mkononi mwangu mpaka huyu kijana aanze kunijibu. Nikavaa hijabu ya rangi ya maziwa mbele ya ukuta wa rangi ya maziwa. Matokeo: uso unaoelea hewani, hauna kichwa. Masharti yanataka mtu atofautiane na ukuta ulio nyuma yake, na mimi niliyasoma nikidhani yanazungumzia ngozi. Nikabadilisha, nikavaa ya zambarau iliyokoza. Kichwa kikarudi, lakini ncha ya hijabu ilikuwa imejitokeza mbele ya paji kama ukumbi wa nyumba, ikatia kivuli machoni. Nikaivuta nyuma, nikabana pini upya. Picha ya tatu, kivuli changu ukutani, kwa kuwa nilikuwa nimeegemea ukuta kabisa. Ukisogea mbele hatua moja kinapotea.

Wenzangu wenye ngozi nyeusi, dirisha kwetu ni lazima. Mwaka 2020 BBC walijaribu ukaguzi wa picha unaofanywa na mashine kwenye tovuti ya pasipoti ya Uingereza kwa picha zaidi ya 1,000 za wanasiasa wa nchi mbalimbali. Wanawake weusi waliambiwa picha zao ni duni mara 22 kwa 100, wanawake weupe mara 14. Kwa wanaume ilikuwa 15 kwa weusi na 9 kwa weupe. Kuna watu waliojulikana kwenye habari wakati huo ambao mashine iliwaambia midomo yao iko wazi, na ilikuwa imefumbwa, ila ni midomo minene. La kujua ni kwamba mashine ikikukatalia na wewe una hakika picha iko sawa, unaweza kuituma hivyo hivyo na kuandika maelezo, ikaangaliwa na mtu. Mimi sikufika huko. Ya nne ilipita.

Miwani nilivua. Uingereza haikatazi miwani ya macho, mradi macho yaonekane na kioo kisimetemete, lakini kwa nini ujitafutie? Dada yangu aliye Marekani hana hata hiyo hiari, kule miwani imepigwa marufuku kwenye picha za pasipoti tangu Novemba 2016. Na picha zao ni za mraba, inchi mbili kwa mbili, hizi za Uingereza za karatasi ni milimita 35 kwa 45, kwa hiyo msidhani mnaweza kuazimana.

Kwa pasipoti ya kwanza ya mtoto lazima pia mtu anayewafahamu athibitishe, naye huonyeshwa picha ile ile. Kwetu alikuwa mwalimu, jirani. Alithibitisha usiku huo huo akatuma ujumbe kuuliza mtoto alikuwa amekasirikia nini.

Nyota: kupiga mwenyewe kwa simu, nne kati ya tano, moja nimeitoa kwa sababu bila mtu wa pili huwezi. Duka, moja. Kibanda cha kujipigia sikukijaribu kwa mtoto na sijui mtu angemkalishaje peke yake kwenye kile kistuli.

Pasipoti ya mtoto ilifika baada ya siku kumi na tisa. Wakati huo arobaini ilishapita na nywele zake tulishazinyoa, kwa hiyo aliye kwenye picha ana kichwa cha nywele na aliye mkononi mwangu ana upara. Mama alikifungua kitabu, akakipeleka dirishani, akakiinamisha huku na huku akitafuta sikio.