TAHADHARI: Anayeuza bonsai "ya miaka 20" na miche ya matunda iliyobebeshwa, ni utapeli mtupu

Wadau wa miti na maua hapa Dar, hasa mliojenga Goba, Madale, Kinyerezi, Chanika na Kigamboni ambao sahivi ndo mnahangaika na bustani, kuna jamaa anawala watu hela. Anajitangaza insta na kwenye magrupu ya watsap ya mitaa, anauza bonsai (ile miti midogo inayolelewa kwenye sahani) na miembe, michungwa, miparachichi, anasema miche yote ya matunda imebebeshwa, yani imeunganishwa kikonyo cha mti mwingine mzuri, na mingine ina matunda tayari, anakuletea mpaka getini na kirikuu na kupanda anakupandia mwenyewe. Mama mdogo wangu wa Goba kaachia zaidi ya laki sita, na nilivoanza kuulizia mtaani nikakuta majirani zake nao wamepigwa vilevile, kila mtu alikuwa kanyamaza anaona aibu.

Nianze na bonsai maana ndo kitu ninachokifanya na ndo iliyoniuma zaidi. Ilikuwa fikasi, shina nene kama mkono, kwenye sahani ya udongo imepangwa vikokoto vyeupe juu, kwa picha inavutia kinoma, laki mbili na nusu. Haikuchukua muda majani yakaanza kudondoka, jamaa akatuma voisi eti "mama huo mti unazoea mazingira, ongeza maji", basi mama mdogo wa watu akaongeza maji asubuhi na jioni. Nilipofika nikamwagia mwenyewe nione, maji yanatambaa juu ya kokoto yanamwagikia mezani, hayazami hata kidogo, kumbe kokoto zimegandishwa kwa gundi! Nikabandua na bisbisi, nikashika shina nikavuta kidogo tu likachomoka lote kama kigingi. Chini ni bapa, alama za msumeno zinaonekana kabisa, mzizi hata mmoja hakuna. Na sahani yenyewe haina tundu chini, yani hata ungeweka mti mzima mle ungeoza.

Hilo ni tawi la fikasi la uzio wa mtu, limekatwa, limechomekwa. Tawi nene la fikasi lina maji ya akiba kwahiyo majani yanabaki ya kijani kwa muda, na huo ndo muda anaouhitaji jamaa ale hela alafu akublok. Ni kweli fikasi hata tawi nene linaweza kutoa mizizi ukiliotesha kwenye kivuli kwa utaratibu, ila hiyo ni pingili jamani, bei yake siyo laki mbili na nusu.

Bonsai ya umri utaijua kwenye kitako: mizizi imetanuka imeshika udongo, shina nene chini linaenda likipungua kuelekea juu, na makovu ya kupogolewa zamani yameshafunga. Mwambie muuzaji akurekodie video anatikisa shina taratibu, mti wenye mizizi unatikisika na udongo wake, wa kuchomekwa unacheza peke yake. Anauza pia "mbegu za bonsai", hizo hazipo, bonsai ni mti wa kawaida uliolelewa kwa kupogoa, kufunga waya na kupunguza mizizi, mbegu ya mkwaju ni mbegu ya mkwaju tu. Na zile juniper "za Japani za sebuleni" anazoposti ni mti wa kukaa nje unaotaka na majira ya baridi, kwa joto hili letu utakufa mbele ya feni. Kwa Dar shikeni fikasi, boganvilia, mkwaju, mbuyu au dezeti rozi ambayo hata porini mikoani inaota yenyewe.

Sasa matunda. Miembe "ya kubebeshwa" ilikuwa na nailoni imezungushwa shinani kama inavotakiwa, nikaifungua, gome chini laini mwanzo mwisho, hakuna kovu, hakuna kiungo, ni mche wa kokwa umevishwa bandeji. Mche uliobebeshwa kweli una kovu la mshazari au la umbo la V, na mara nyingi gome la juu na la chini havifanani. Tofauti yake siyo ndogo, mwembe wa kubebeshwa unaweza kuanza kuzaa kwenye mwaka wa 3 hivi, wa kokwa unasubiri hata 6 na zaidi na embe lake usilijue litakuwaje.

Mchungwa wenye matunda ndo kichekesho kabisa. Machungwa mawili yamefungwa kwenye tawi kwa uzi wa kijani wa kushonea! Mti wenyewe kang'oa mkubwa shambani kwa mtu, mizizi kaikata yote, kautumbukiza kwenye sandarusi na udongo mpya, alafu kaja kuupanda mwezi wa kwanza jua la utosi. Mti mkubwa hauhamishwi hivo, unaanza kuukata mizizi kwa kuuzungushia mtaro miezi kadhaa kabla ili utoe mizizi midogo karibu na shina, unautoa na bonge lake la udongo, unapunguza matawi, unaupanda mvua za masika au vuli zikianza na unauwekea kivuli.

Parachichi la Hass nalo anawauzia watu wa Kigamboni, wakati lile ni la nyanda za baridi kama Njombe na Rungwe. Kuna mdada kauziwa "mche wa apple", alipombana akasema alimaanisha embe apple.

Mkitaka miche ya uhakika SUA, chuo kikuu cha kilimo pale Morogoro, wanauza, au nenda kwenye vitalu vya barabarani ukague kwa mkono wako kabla hujatoa hela. Kwa huyu msilipe hata "nusu ya kushikia mzigo". Waliotapeliwa tunzeni voisi, miamala na skrinshoti mpeleke polisi, namba yake iripotini 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu. Akaunti anabadilisha jina kila mara ila picha ni zilezile za kuiba, iangalieni ile ya bonsai ya msonobari, nyuma yake kuna watu wamevaa makoti mazito na jamaa anasema imepigwa Mbezi Beach.